Moyo wa Vita Mezani: Hofu, Ari na Mori katika Michezo ya Kuigiza Wahusika

Utangulizi

Jioni moja mwandishi wa makala haya alialikwa na wenzake wanne, katika chumba cha bweni, kushiriki mchezo ambao hakuwa ameuona kabla ya siku hiyo. Mezani palikuwa na karatasi, penseli, dadu za maumbo mbalimbali na sahani ya njugu. Mmoja wetu alikuwa msimulizi. Sisi wengine tulikuwa wapiganaji waliokuwa wakipita pangoni, na humo pangoni tukakutana na vibwengo sita wenye mikuki. Tulipigana kwa vicheko na makelele. Tulipowaua watatu, akiwemo mkuu wao, msimulizi alirusha dadu mbili, akazitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Wawili wametupa mikuki na kukimbia. Mmoja amepiga magoti. Anaomba asiuawe. Mnafanyaje?"

Vicheko vilikatika. Mwenzetu mmoja alisema auawe, kwani akiachiliwa atawaita wengine. Wa pili alisema haifai kumuua aliyetupa silaha. Ubishi ule ulichukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe, na ilhali kila mmoja wetu alijua fika kwamba kibwengo yule hakuwapo popote ila katika maneno ya msimulizi.

Makala haya yananuia kueleza kilichotendeka mezani pale. Tutatazama jinsi michezo ya kuigiza wahusika inavyopima moyo wa mpiganaji, asili ya kipimo hicho, na jinsi kinavyolingana au kuhitilafiana na yale ambayo wataalamu wa vita na wanasaikolojia wameyaandika. Dai letu ni moja: kanuni inayompa adui uwezo wa kuogopa ndiyo inayomrudishia utu wake, na mchezo unaoiacha kanuni hiyo humfundisha mchezaji kwamba vita huisha kwa njia moja tu, yaani adui wote wakiisha kufa.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kwa msomaji asiyeufahamu, mchezo wa kuigiza wahusika huchezwa na watu wachache, aghalabu watatu hadi sita, wakiwa wameizunguka meza. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona kwa haraka kwamba muundo wake unafanana na utambaji wa ngano. Msimulizi anashika nafasi ya fanani: anaeleza mandhari, anawasemea wahusika wadogo, na ndiye mwenye kujua kilichofichwa nyuma ya mlango. Tofauti ni kwamba hadhira haikai kusikiliza na kuitikia tu. Kila mmoja katika hadhira ana mhusika wake ambaye nguvu, maarifa na udhaifu wake vimeandikwa kwa tarakimu katika karatasi, na ndiye anayeamua mhusika huyo atasema nini na kutenda nini. Panapokuwa na shaka iwapo tendo litafaulu, dadu hurushwa. Hivyo hadithi hutungwa na wote kwa pamoja, na hakuna anayeujua mwisho wake, hata fanani mwenyewe.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Hata hivyo, mizizi yake ni mirefu zaidi ya hapo, na mizizi hiyo imo vitani.

Kutoka ramani ya Prussia hadi pangoni

Mwaka 1824 luteni wa mizinga katika jeshi la Prussia, Georg von Reiswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita alioukuza kutokana na kazi ya baba yake. Pande mbili zilisogeza vipande vidogo juu ya ramani halisi, kila zamu ikiwakilisha dakika mbili za vita, na dadu zikaamua hasara. Kati ya pande hizo alikaa mwamuzi aliyepokea amri za kila upande na kueleza kilichoonekana. Jenerali von Müffling, aliyekuwa mkuu wa maafisa wapangaji wa vita, aliupenda mchezo huo kiasi cha kuupendekeza kwa jeshi zima. Mwamuzi yule wa Prussia ndiye babu wa msimulizi wa leo.

Mchezo uliingia sebuleni mwa raia baadaye. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alichapisha kitabu Little Wars, kilichoeleza namna ya kupiganisha askari wa kuchezea kwa kutumia vimizinga vya kufyatua vijiti. Wells alikihitimisha kitabu chake kwa kueleza kwamba vita vya kweli ni upuuzi wa gharama kubwa mno, na kwamba afadhali watu wapigane sakafuni. Mwaka uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza vilianza.

Nchini Marekani, mwaka 1971, Gygax pamoja na Jeff Perren walitoa Chainmail, mkusanyiko wa kanuni za kupiganisha vikosi vya zama za kati kwa sanamu ndogo mezani. Humo tayari tunakuta fikra inayotuhusu: kikosi hakipigani hadi mtu wa mwisho. Kikipoteza sehemu fulani ya watu wake huweza kuyumba na kukimbia, na wanamgambo wa mashambani huyumba mapema kuliko wapanda farasi wenye deraya. Miaka mitatu baadaye, mchezo ulipowaacha wanajeshi wengi na kumwangazia mhusika mmoja mmoja, fikra hiyo ilihamia pamoja nao hadi pangoni.

Dadu mbili na swali moja

Ufafanuzi ulio wazi zaidi wa fikra hiyo unapatikana katika toleo la wanaoanza la Dungeons & Dragons la mwaka 1981, lililohaririwa na Tom Moldvay. Humo kila kiumbe amepewa tarakimu ya moyo kati ya 2 na 12, na kanuni yenyewe imewekwa kuwa ya hiari. Mwenye 2 hapigani ila akibanwa pasipo pa kutokea. Mwenye 12 hupigana hadi kufa bila kujaribiwa. Walio katikati hujaribiwa mara mbili: mara ya kwanza mmoja wao anapouawa, na mara ya pili nusu yao wanapokuwa wameanguka. Msimulizi hurusha dadu mbili za pande sita. Jumla ikizidi tarakimu ya moyo, viumbe hao hurudi nyuma, hukimbia au husalimu amri. Wakifaulu majaribio yote mawili, watapigana hadi mwisho.

Hebu tuipime kanuni hii kwa hesabu. Kibwengo wa kawaida ana moyo wa 7. Dadu mbili zina matokeo 36, na katika hayo 15 yanatoa jumla inayozidi 7. Hivyo kundi la vibwengo lina uwezekano wa asilimia 42 hivi wa kuvunjika moyo katika kila jaribio, na uwezekano wa kuyapita yote mawili ni kama asilimia 34. Kwa maneno mengine, theluthi mbili ya mapambano huisha kabla ya mauaji kukamilika. Mfalme wao akiwapo hai kati yao, moyo hupanda hadi 9, na uwezekano wa kuvunjika katika jaribio moja hushuka hadi asilimia 17. Mfalme hahitaji kurusha mkuki hata mmoja. Kuwapo kwake kunatosha.

Kanuni hiyo pia inawahusu askari wa kukodiwa wanaoandamana na wahusika wa wachezaji. Moyo wao hutegemea haiba ya anayewaongoza: mwenye haiba duni kabisa hupata wafuasi wa moyo wa 4, wa wastani hupata 7, na mwenye haiba ya juu kabisa hupata 10. Ukirusha dadu utaona kwamba wafuasi wa yule wa kwanza watamtoroka mara 30 kati ya 36, ilhali wa huyu wa mwisho watamtoroka mara 3 tu. Aidha, msimulizi ana ruhusa ya kuibadilisha tarakimu hiyo kulingana na jinsi wafuasi hao walivyotendewa. Mkarimu huongezewa, bahili na mnyanyasaji hupunguziwa. Hapa kanuni ya mchezo imekuwa somo la uongozi.

Kanuni na ukweli wa vita

Je, dadu hizi zinasema kweli? Wazo la kwamba vita huamuliwa moyoni kabla ya kuamuliwa mwilini ni la kale, na fasihi yetu inalo. Wasomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wanakumbuka jinsi shujaa huyo, baada ya kudungwa kitovuni kwa sindano ya shaba, alivyopiga goti karibu na kisima huku ameuvuta upinde wake, akafia papo hapo. Watu wa mji walikaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, kwa kudhani kwamba bado anawalenga. Maiti mmoja aliushinda mji mzima. Kwa lugha ya mchezo, mji ule ulishindwa jaribio la moyo kila asubuhi.

Miongoni mwa waliolichunguza jambo hili kwa utaratibu wa kitaalamu, wa awali ni kanali Mfaransa, Charles Ardant du Picq, aliyeuawa katika vita vya mwaka 1870 na ambaye maandishi yake yalikusanywa na kuchapishwa kama kitabu mwaka 1880. Aliona kwamba katika vita vya kale mauaji makubwa hayakutokea wakati pande mbili ziliposimama ana kwa ana, bali baada ya upande mmoja kugeuza migongo. Aliona pia kwamba wanaume wachache wasio mashujaa sana lakini wanaojuana na kuaminiana wataweza jambo ambalo mashujaa wasiojuana watashindwa hata kulijaribu. Kwa hiyo jaribio la moyo ndilo kitovu cha vita. Kuhesabu majeraha ni tarishi tu wa habari hiyo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1947, mwandishi wa Marekani S. L. A. Marshall alidai katika kitabu Men Against Fire kwamba askari wachache tu, kati ya asilimia 15 na 25, ndio waliofyatua bunduki zao walipokuwa vitani. Dai hilo lilinukuliwa kwa miaka mingi kama ukweli usiopingika, lakini mwaka 1988 mwanahistoria Roger Spiller alionyesha kwamba hapakuwa na ushahidi wa takwimu ulioliunga mkono. Tunalitaja hapa kama tahadhari: si kila tarakimu inayohusu hofu imetoka vitani, nyingine zimetoka vichwani mwa waandishi, kama zilivyo zile za vibwengo.

Wazo la Ardant du Picq kuhusu kujuana lilipata nguvu zaidi mwaka 1948, wanasosholojia Edward Shils na Morris Janowitz walipochunguza kwa nini askari wa Ujerumani waliendelea kupigana hata ushindi ulipokuwa hauwezekani tena. Jibu lao lilikuwa kundi dogo: mtu hupigana kwa ajili ya wenzake wachache anaokula na kulala nao. Omer Bartov aliupinga ufafanuzi huo mwaka 1991. Alisema kwamba katika medani ya mashariki makundi hayo madogo yaliangamizwa upesi mno kwa vifo, hivyo ni lazima itikadi na adhabu kali viingizwe katika maelezo. Mjadala huu unatufaa sisi, kwa sababu unatuonyesha upungufu wa kipimo cha tarakimu moja. Kibwengo mwenye 7 anaposimama imara, hatujui kama anasimama kwa ajili ya nduguye aliye kando yake, kwa imani yake, au kwa kumwogopa mfalme aliye nyuma yake.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa mfano unaolibainisha pengo hilo. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, moyo wa wapiganaji wa makabila mengi ulijengwa juu ya imani katika maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, ambayo yangewakinga na risasi za Wajerumani. Ebrahim Hussein aliitungia imani hiyo tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa vita. Kwa kanuni ya mfalme wa vibwengo, moyo ungepaswa kushuka siku hiyo. Kinyume chake, vita vilienea, na tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia ngome ya Mahenge wakikabili bunduki za rashasha. Imani ilikuwa imemzidi aliyeianzisha. Iliyokuja kuipunguza ni rashasha zenyewe, na baadaye njaa, silaha iliyoua watu wengi zaidi kuliko risasi. Hakuna dadu mbili zinazoweza kulieleza jambo hilo lote.

Maneno manne ya Kiswahili

Hapa Kiswahili kinaweza kutusaidia. Lugha za Ulaya zina neno moja pana kwa hali tunayoizungumzia. Mwenye kulitafsiri hukimbilia neno ari, na kamusi humuunga mkono. Lakini msemaji wa Kiswahili ana zaidi ya neno moja, na kila neno lina mahali pake.

Kwanza ni moyo. Moyo hutiwa, huvunjika, hufa, na mtu hujipa moyo. Ni hali ya papo kwa papo, na inaweza kugeuka kwa kufumba na kufumbua. Tarakimu ya vibwengo ni kipimo cha moyo. Pili ni ari, nia ya kudumu ya kulifikia lengo bila kukubali kuaibika. Mtu anaweza kuvunjika moyo leo na bado akawa na ari ya kurudi kesho. Tatu ni mori, ghadhabu ya vitani inayompanda mtu hadi asijione wala kujizuia. Mwenye kupandwa na mori haogopi, lakini pia hana amri juu ya nafsi yake. Nne ni hamasa, msisimko unaochochewa kutoka nje kwa hotuba, ngoma au wimbo, na ambao hupoa ngoma inapokoma.

Tukiyashika maneno haya manne, tutaweza kuiainisha michezo iliyofuata kwa uwazi kuliko kama tungeridhika na neno moja.

Nani haogopi?

Kanuni ya mwaka 1981 ilikuwa na mpaka mmoja muhimu: wahusika wa wachezaji hawakujaribiwa moyo kamwe. Vibwengo waliogopa, askari wa kukodiwa waliogopa, lakini mhusika wako hakuogopa ila wewe ukipenda. Sababu ya mpaka huo inaeleweka. Mchezaji akinyang'anywa uamuzi wa mhusika wake, mchezo humpotea mikononi. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba hofu inakuwa jambo la wengine, la wadogo, la walio kinyume nasi, na sisi tunabaki mashujaa wasiotetemeka. Hivi ndivyo kila taifa linavyosimulia vita vyake.

Watungaji wengine waliuvuka mpaka huo, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka huohuo wa 1981 Sandy Petersen alitoa Call of Cthulhu, ambamo kila mhusika ana akiba ya utimamu wa akili inayohesabiwa kwa mia. Kila ajabu la kutisha analoliona humpunguzia, na akipoteza pointi 5 au zaidi kwa mkupuo mmoja anaweza kuingiwa na wazimu wa muda. Mchezo huo si wa vita, lakini unakumbusha hoja ya Lord Moran, daktari wa Uingereza aliyehudumia askari mahandakini katika Vita Vikuu vya Kwanza. Katika kitabu chake cha mwaka 1945 alieleza kwamba ujasiri ni kama fedha zilizowekwa benki: kila siku ya vita ni kutoa, na hata tajiri huishiwa.

Mwaka 1985 Greg Stafford alitoa Pendragon, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur. Humo tabia huandikwa mbili mbili na jumla yake huwa 20. Mwenye ushujaa wa 15 ana woga wa 5, na woga huo hauondoki. Umekaa ukingoja siku yake. Zaidi ya tabia kuna mapenzi makuu kama utiifu, upendo na chuki. Mhusika anaweza kuyaita mapenzi hayo vitani. Yakiitika, nguvu zake huongezeka mno. Yakikataa, huingiwa na simanzi. Na yakimgeuka kabisa, hurukwa na akili. Hiki ni kipimo cha mori, na mtungaji ameielewa hatari yake.

Mwaka 1998 Greg Stolze na John Tynes walitoa Unknown Armies. Wao waligawa mishtuko ya nafsi katika mafungu matano: ukatili, kukosa uwezo, yasiyo ya kawaida, upweke, na mtu kujigeuka mwenyewe. Kila mshtuko unaacha alama. Anayeshindwa kuuhimili hupata alama ya jeraha. Anayeuhimili hupata alama ya usugu. Usugu unaonekana kama faida, kwa kuwa mwenye nao hashtuki tena. Lakini ukizidi, mtu huyo hupoteza uwezo wa kuhisi chochote kuhusu wengine. Katika michezo yote tuliyoitaja, huenda hapa ndipo palipo na ukweli mchungu zaidi: kuna ushujaa ambao ni jeraha lililofunikwa.

Michezo ya karne hii imelisogelea swali kwa ukaribu zaidi. Grey Ranks, wa Jason Morningstar, ulitoka mwaka 2007. Wachezaji huwaigiza vijana wa Kipolandi katika maasi ya Warsaw yaliyoanza tarehe 1 Agosti 1944 na kudumu siku 63. Hali ya kila kijana huoneshwa katika jedwali lenye mihimili miwili, mmoja ukitoka upendo hadi chuki, wa pili ukitoka shauku hadi uchovu. Kila mchezaji anajua tangu mwanzo kwamba maasi yatashindwa. Kinachobaki kuulizwa ni jinsi kijana atakavyofika huko. Mtungaji huyohuyo alitoa Night Witches mwaka 2015, kuhusu wanawake marubani wa kikosi cha 588 cha Urusi ya Kisovieti waliorusha mabomu usiku kwa ndege hafifu za Po-2. Mchezo umegawika mchana na usiku. Usiku ni wa vita. Mchana ni wa urafiki, ugomvi na uchovu kambini, na yaliyotendwa mchana ndiyo yanayowabeba wapiganaji usiku. Shils na Janowitz wangeutambua mara moja.

Mwaka 2019 ulitoka Band of Blades, wa Stras Acimovic na John LeBoeuf-Little, unaohusu jeshi lililoshindwa ambalo linarudi nyuma likifuatwa na maadui. Ari ya jeshi zima hupimwa kwa tarakimu moja, nayo hushuka kila askari wanapokufa. Linalotuvutia ni kwamba mchezaji mmoja hukabidhiwa dhima ya mtunza simulizi. Kazi yake ni kuwakumbuka waliokufa na kusimulia hadithi za kale za jeshi hilo wenzake wakiwa wamekaa motoni. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hili halihitaji maelezo marefu. Watu walioshindwa leo huhitaji kuambiwa wao ni nani ili waamke kesho.

Kwa nini jambo hili ni zito

Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2000, liliiondoa tarakimu ya moyo ya kila kiumbe na kumwachia msimulizi busara yake. Toleo la tano liliirudisha katika mwongozo wa msimulizi wa mwaka 2014, lakini kama kanuni ya hiari. Pengine msomaji ataliona jambo hili kuwa dogo. Tunaliona kuwa kubwa kwa sababu kanuni iliyoandikwa hukumbukwa, na busara isiyoandikwa husahauliwa katikati ya makelele ya vita.

Adui asiye na tarakimu ya moyo hupigana hadi tone la mwisho, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kumuuliza kama anataka kuishi. Hapatikani mateka, wala msamaha, wala mazungumzo. Mapambano huisha kwa mizoga na kuhesabu ngawira. Adui mwenye tarakimu, hata iwe ndogo, hufika wakati fulani akatupa mkuki, na papo hapo mchezaji huvuliwa kinga ya kupigana kwa kujihami. Sasa ana kiumbe aliyepiga magoti mbele yake na hana tena udhuru. Swali la msimulizi, "Mnafanyaje?", ni swali la maadili lililoletwa na hesabu ya dadu mbili.

Kwa msingi huu, tunaweza kusema kwamba hofu si upungufu wa mhusika. Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kumtofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Kibwengo asiyeogopa ni bapa kuliko karatasi aliyoandikwa. Akiogopa, ana kitu cha kupoteza. Mwenye kitu cha kupoteza ana maisha. Na mwenye maisha hauawi bila mtu kuulizwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kipimo cha moyo kilianzia katika michezo ya kupiganisha vikosi, kikaingia katika uigizaji wa wahusika kama tarakimu ya adui, kisha baadhi ya watungaji wakakigeuza kiwaelekee wachezaji wenyewe. Tumeona pia kwamba hesabu yake inakubaliana na baadhi ya matokeo ya utafiti wa vita, hasa kuhusu kiongozi na hasara ya kwanza, lakini inashindwa kueleza imani inayodumu baada ya kiongozi kufa. Mwisho, tumependekeza kwamba maneno moyo, ari, mori na hamasa yatumiwe kwa kutofautishwa katika uwanja huu. Wanachama wa vyama vya Kiswahili wanaopenda tafsiri wana kazi hapa, kwani michezo hii inangoja istilahi, na istilahi hazitatungwa na wasioijua lugha.

Tuliyemwacha pangoni ni yule kibwengo. Baada ya ubishi mrefu tulipiga kura, na waliotaka auawe walishinda kwa kura moja. Mwenzetu aliyepewa kazi hiyo alizichukua dadu, akazishika kwa muda, kisha akazirudisha mezani bila kuzirusha. "Mimi siwezi," alisema. "Kama mnataka, fanyeni ninyi." Hakuna aliyenyoosha mkono. Msimulizi alingoja, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwamba kibwengo ameinuka polepole, amerudi nyuma hatua mbili tatu, na ameingia gizani.